Sare Inayoishia Kifundoni: Kofia, Viatu na Kumbukumbu ya Askari katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mavazi na viatu vya askari vinavyokumbukwa na kusimuliwa kwa Kiswahili, yakichukua Ujiji, Kigoma na mwambao wa Ziwa Tanganyika kuwa uwanja mkuu wa mjadala. Hoja inayotetewa ni kwamba masimulizi ya askari wastaafu kuhusu sare hayaeleweki ipasavyo yakisomwa kwa vigezo vya utenzi wa vita, wala yakichukuliwa kuwa ushahidi tu wa nguo zilizovaliwa. Yanapaswa kusomwa kwa kanuni mbili zilizomo ndani ya utamaduni wa Kiswahili wenyewe: kanuni ya uungwana, iliyofanya kofia na viatu kuwa alama pacha za mtu huru, na kanuni ya habari za safari, iliyozoea kuhesabu siku, mizigo na mwendo. Kwa kufuata kanuni hizo, makala yanaonesha kwamba uzito wa kumbukumbu hizo hauko katika mabadiliko ya rangi au mshono, bali katika tofauti kati ya kile askari alichopewa kichwani na kile alichonyimwa miguuni.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya vita katika Kiswahili umejengwa zaidi juu ya tenzi. Kuanzia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, hadi Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert na utenzi wa Henry Muhanika kuhusu Vita vya Kagera uliochapishwa mwaka 1981, wahakiki wamepata matini za kutosha za kujadili ushujaa, usaliti, dhuluma na ukombozi. Mavazi yanapotajwa katika mijadala hiyo, aghalabu huwekwa katika kifungu kifupi cha wahusika au mandhari, kisha mhakiki akaendelea na mambo anayoyaona kuwa makubwa zaidi.

Katika masimulizi ya askari wenyewe mpangilio huo hugeuka. Timothy Parsons, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wasemaji wa Kiswahili waliliita Keya, alitumia mahojiano na askari wastaafu sambamba na nyaraka za serikali. Picha inayojitokeza katika kazi ya namna hiyo ni ya watu waliopima utumishi wao kwa chakula, mshahara, familia na mavazi. Michelle Moyd (2014), katika utafiti wake kuhusu askari wa jeshi la Kijerumani, Schutztruppe, ameonesha kuwa askari hao walitafuta heshima na hadhi ya ukubwa, wala hawakuwa vyombo tu vya kutumwa. Kazi hizo mbili ni za historia. Swali linalobaki kwa mhakiki wa Kiswahili ni la aina nyingine: masimulizi ya nguo na viatu ni utanzu gani, na yanatumia alama za nani?

Makala haya hayaleti mahojiano mapya. Yanasoma msamiati, majina ya kupanga, mapokeo ya kifasihi na mfuatano wa matukio yanayojulikana katika mwambao wa Tanganyika. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mahususi. Kati ya mwaka 1914 na 1921, wakazi wa Ujiji na Kigoma walishuhudia majeshi ya dola tatu za Kizungu, kila moja likiwa na askari Waafrika waliovikwa kwa utaratibu wake. Ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo kizazi kimoja kiliweza kulinganisha miguu ya askari wa dola tatu kikiwa kimekaa kwenye baraza zilezile.

2.0 Neno "sare" na mpaka wake

Neno sare lenyewe ni hoja. Katika Kiswahili cha leo lina matumizi matatu yanayojulikana na kila msemaji. Timu mbili zikifungana mabao sawa, tunasema zimetoka sare. Wanawake wa ukoo au mtaa wakinunua doti za kanga au kitenge cha aina moja kwa ajili ya harusi, wamevaa sare. Askari, mwanafunzi na muuguzi nao huvaa sare. Dhana inayounganisha matumizi hayo ni kulingana. Katika harusi, sare hufuta kwa saa chache tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Ndiyo maana kukosa sare kwa ndugu wa karibu ni jambo la kuumiza. Neno hili, likitumiwa kwa jeshi, linabeba ahadi ambayo huenda waliotoa nguo hizo hawakuikusudia: kwamba waliovaa namna moja wamekuwa kitu kimoja.

Msamiati wa viatu, kwa upande mwingine, haukubeba ahadi ya usawa. Umejaa matabaka ya historia. Mtawanda, kiatu cha mti, ni wa nyumbani na wa msikitini. Sapatu imetoka kwa Wareno. Champali inatukumbusha Bahari ya Hindi na ng'ambo yake. Makubadhi ya ngozi yalihitaji fundi na yalikuwa na bei. Buti limetoka kwa Waingereza. Katambuga, inayokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, haikuweza kuwapo kabla ya gari. Chini ya yote hayo liko neno pekupeku, linaloeleza hali ya wengi. Methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi ilitungwa na watu waliojua maumivu ya kidole kisicho na kinga. Mwenye buti hawezi kuisikia kwa namna ileile.

Hata rangi ya nguo ina historia yake katika neno. Kaki imetokana na neno la Kiajemi la vumbi, na iliingia katika majeshi ya Waingereza kwa njia ya India. Vyeo navyo vina safari yake. Kwa kuwa kundi la kwanza la Hermann von Wissmann la mwaka 1889 lilikuwa na Wasudani wengi walioandikishwa Misri, jeshi la Kijerumani lilirithi vyeo vya Kituruki na Kimisri: ombasha, shaushi, efendi. Sare ya Wissmann imetoweka, dola yake imetoweka, lakini kuruta wa leo wa Tanzania au Kenya bado anamwita mkubwa wake afande. Lugha imehifadhi cheo baada ya kitambaa kuoza. Ni dalili ya kwanza kwamba, katika suala hili, makumbusho yetu makubwa ni msamiati.

3.0 Kofia na viatu katika uungwana wa Ujiji

Ili kuelewa namna sare ya kikoloni ilivyosomwa na watu wa Ujiji, lazima tujue walikuwa wanasoma nini kabla yake. Laura Fair (2001), akiandika kuhusu Zanzibar, anaeleza kuwa watumwa walivaa kitambaa duni cha merikani au kaniki, na hawakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Baada ya utumwa kukomeshwa, kanzu, kofia, kanga na viatu vilikuwa njia ya watu huru wapya kutangaza hali yao mpya. Kichwa na mguu vilikwenda pamoja: ukivifunika vyote viwili, umedai nafasi yako miongoni mwa waungwana.

Kanuni hiyo haikubaki pwani. Ilisafiri na misafara hadi Tabora, Ujiji na Manyema, ambako neno waungwana lilipanuka na kumaanisha watu wote walioshika lugha, dini na mavazi ya pwani, wakiwamo wengi waliotoka utumwani. Sheryl McCurdy (2006) ameunganisha historia ya kanga na utambulisho wa wanawake wa Kimanyema, jamii ambayo Ujiji ni mojawapo ya vitovu vyake. Hivyo Ujiji haukuwa mji wa kupokea tu mitindo ya pwani. Ulikuwa na watu waliojua kwa kina vazi linaweza kumtoa mtu wapi na kumfikisha wapi.

Hata mgeni alijua kwamba mji huu ulihitaji kuingiwa kwa maandalizi. Henry Morton Stanley anasimulia katika kitabu chake jinsi mwaka 1871, kabla ya kumkuta David Livingstone, alivyotaka kuonekana nadhifu: suti mpya, buti zilizopakwa mafuta, kofia ngumu iliyotiwa chaki. Tukio hilo limesomwa mara nyingi kwa ajili ya salamu inayodaiwa kutolewa. Kwa mhakiki wa mavazi, kilicho muhimu zaidi ni kwamba msafiri aliyekuwa ametembea kwa miezi mingi aliona ni lazima buti zake zing'are mbele ya macho ya Ujiji.

Lakini kanuni ya uungwana ina upande wa pili ambao Stanley hakuujua. Kiatu cha muungwana huvaliwa ili kivuliwe. Mlangoni mwa nyumba na msikitini viatu huachwa nje. Heshima hukamilika mtu anapovitoa mguuni kwa hiari yake. Asiye na viatu hana cha kuvua, na kwa hiyo hana namna ya kuitoa heshima hiyo. Buti la jeshi lilileta sheria tofauti: halivuliwi kwa hiari ya aliyelivaa, bali kwa amri. Askari wa mji wa Kiislamu aliyevaa buti alisimama kati ya adabu mbili, moja ikimtaka avue ili aheshimu na nyingine ikimtaka avae ili aheshimiwe.

4.0 Majeshi matatu, miguu ya namna mbili

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1915 meli ya Goetzen ilishushwa ziwani. Askari wa Schutztruppe waliokuwa wakilinda bandari hiyo walivaa kaki, tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, vitambaa vya kuzungushia miundi, na buti za kufunga kwa kamba. Kwa kanuni ya Ujiji, mtu huyo alikuwa amekamilika: kichwa chake kimefunikwa na mguu wake umefunikwa. Pembeni yake walitembea wapagazi na rugaruga waliovaa vya kwao au wasiokuwa na vya kutosha. Mpaka kati ya askari na mpagazi ulionekana wazi chini ya goti.

Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen kwa mikono yao wenyewe na kuondoka. Walioingia Kigoma na Ujiji baada yao walikuwa askari wa Force Publique kutoka Kongo ya Wabelgiji. Hawa walijulikana kwa kofia nyekundu ya tarbushi, na walitembea pekupeku. Hapa kanuni ya uungwana ilipata mtikisiko. Walioshindwa walikuwa na buti. Walioshinda hawakuwa nazo. Jeshi lililotembea bila viatu kutoka Kongo lilichukua Kigoma, Ujiji, na kufikia Septemba 1916 likaichukua Tabora. Wabelgiji walikaa katika mwambao huu hadi mwaka 1921, walipoukabidhi kwa Waingereza.

Waingereza nao walileta utaratibu wao. Askari wa Keya alipewa kaptura ya kaki, sweta ya buluu ya giza, vitambaa vya miundi na kofia ya tarbushi. Lakini kwa sehemu kubwa ya miongo iliyofuata alitembea pekupeku au kwa makubadhi. Maofisa wengi walishikilia kwamba nyayo za Mwafrika zilikuwa ngumu kuliko soli na kwamba buti zingemlegeza. Hoja hiyo ilihifadhi fedha za serikali na wakati huohuo ikahifadhi tofauti kati ya ofisa na askari.

Jambo moja linapaswa kutiliwa mkazo. Batalioni ya 6 ya Keya iliundwa upya mwaka 1917 kwa kuwaingiza askari waliowahi kuwatumikia Wajerumani. Hao ni watu waliozoea buti chini ya bendera moja, wakaingia chini ya bendera nyingine iliyozoea askari wasio na buti. Katika takwimu za jeshi hayo ni mabadiliko ya vifaa. Katika kanuni ya kofia na viatu ni jambo zito zaidi: mtu aliyekuwa amekamilika amerudishwa nusu. Kichwa chake bado ni cha muungwana, mguu wake umerejeshwa katika hali ambayo zamani ilikuwa ya mtumwa. Sare yake imelingana na ya mwenzake hadi kifundoni, kisha usawa ukakoma.

Si kwamba askari wa Kijerumani aliishi katika neema. Vita vilipoendelea na meli za Waingereza kufunga pwani, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lililazimika kufuma vitambaa, kuvitia rangi kwa mizizi ya mti wa ndaa na kutengeneza viatu kwa ngozi za wanyama. Aidha, buti lile lile lililomheshimisha aliyelivaa lilimkanyaga raia. Kwa watu wa Maji Maji, askari mwenye buti hakuwa ishara ya uungwana hata kidogo. Kumbukumbu ya aliyevaa na kumbukumbu ya aliyekanyagwa hazina sababu ya kukubaliana, na mhakiki hana haki ya kuzipatanisha kwa nguvu.

Vilevile, kutembea pekupeku hakukuwa na maana moja. Mguu uliokomaa ulikuwa pia fahari, na ushindi wa mwaka 1916 ulitoa ushahidi wa wazi wa fahari hiyo. Lakini fahari hiyo ilikuwa na gharama. Funza, mdudu aliyevuka kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika katika miaka ya 1870 na kulikata bara zima hadi pwani ya mashariki kabla karne haijaisha, aliwatesa wapagazi na askari wasio na viatu. Mguu wa pekupeku ulikuwa ushujaa na uhitaji kwa pamoja, na masimulizi bora ni yale yanayoacha maana zote mbili zisimame.

5.0 Jina kama uhakiki: Bwana Chifunga-tumbo

Je, tuna ushahidi kwamba watu wa mwambao walisoma sare kwa jicho la kuhakiki wakati huohuo, na si baadaye tu katika kumbukumbu? Upo, na uko upande wa pili wa ziwa, mkabala na Kigoma. Mwaka 1915 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Geoffrey Spicer-Simson, alifika karibu na mahali panapoitwa Kalemie leo, akiwa na boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa reli na kukokotwa kupita misituni. Tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Katika vitabu vya Peter Shankland (1968) na Giles Foden (2004) anakumbukwa pia kwa mavazi yake, kwani alivaa sketi iliyoshonwa kwa ajili yake. Waholoholo walimpa jina la Bwana Chifunga-tumbo.

Vitabu vya Kiingereza hulichukua jina hilo kuwa kichekesho. Likisomwa ndani ya mapokeo yetu, ni kazi ya kifasihi iliyokamilika. Kumpa mtu jina kwa vazi lake ni desturi pana ya utani na ya tahadhari: jina linasifu, linadhihaki na kumtambulisha mtu kwa pumzi moja. Neno la kwanza linatoa heshima inayodaiwa na cheo. Neno la pili linaiondoa heshima hiyo kwa kueleza tu kinachoonekana, yaani kitu kilichofungwa tumboni. Waliompa jina hilo hawakutaja nyota zake wala dola yake. Walitazama wapi nguo inaanzia na wapi inaishia. Ni uhakiki wa sare uliofanywa kwa neno moja, na unatufundisha kwamba jicho la mwambao lilisoma mavazi ya askari kuanzia kiunoni kwenda chini.

Jina hilo pia linaonesha jambo la kiisimu. Limechanganya Bwana, neno la utawala lililokwisha kuenea katika ziwa zima, na kiambishi chi- kinachotoka katika lugha za wenyeji. Kiswahili cha ziwani hakikusubiri kusanifishwa ili kizae fasihi. Hadi leo, ng'ambo ya ziwa askari huitwa soda na wengi wao basoda, neno la Kifaransa lililovikwa ngeli ya Kibantu, wakati Ujiji wanasema askari au mwanajeshi. Ziwa moja lina historia mbili za jeshi, na kila moja imeacha neno lake.

6.0 Shujaa wa utenzi na askari wa safari

Sasa tunaweza kurejea kwenye swali la utanzu. Kwa nini tenzi za vita hazitusaidii sana hapa? Katika tenzi kongwe za vita vya dini, shujaa huvishwa silaha kwa mpangilio: deraya, kofia ya chuma, upanga. Kisha hupanda farasi. Muundo huo una mantiki yake na uzuri wake, lakini hauna nafasi ya wayo. Mwili wa shujaa unaishia kwenye tandiko. Tenzi za karne ya 20 zimebadilisha silaha na maadui, lakini zimerithi mwelekeo wa kuangalia vita kutoka juu: wakuu, mapigano, sababu na matokeo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti takriban 3,000, unaitazama dunia nzima ikipigana. Hilo ndilo lengo lake na hatupaswi kuulaumu kwa kutokuwa kitu kingine.

Utanzu ulio karibu zaidi na kumbukumbu ya askari ni habari za safari. Nathari ya Kiswahili ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kama ile iliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), ikiwamo safari ya Sleman bin Mwenye Chande katika bara, au maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, inaendeshwa na mguu na hesabu. Tulitoka mahali fulani, tukalala mahali fulani. Tulikuwa na mizigo kadhaa. Tulitoa hongo ya nguo kadhaa. Nguo katika habari hizo ni sarafu kabla haijawa pambo. Msimulizi hasiti kuorodhesha, kwa kuwa orodha ndiyo uti wa habari yake.

Masimulizi ya askari kuhusu sare yana umbo hilohilo. Askari hupewa vitu stoo, hupangiwa njia, hutembea, hurudisha vitu stoo. Ndiyo maana kuyaita masimulizi hayo "kumbukumbu za mavazi" ni kuyapunguza. Ni hesabu ya mapatano kati ya mtu na dola: nilipewa hiki, sikupewa kile, nilitembea hivi. Si bahati kwamba wimbo mashuhuri zaidi wa Keya unaitwa Funga Safari. Jeshi la kikoloni lilikopa jina la kazi yake kutoka katika msafara, na askari wake alikopa kutoka humo namna ya kuisimulia.

Matokeo ya kuhamisha utanzu ni makubwa. Mhakiki anayetafuta ushujaa katika simulizi ya mzee anayeorodhesha sweta, blanketi na makubadhi atasema simulizi hiyo ni kavu. Mhakiki anayejua habari za safari atagundua kwamba ukavu huo ni mbinu, na kwamba kilele chake kiko katika kitu kinachokosekana kwenye orodha. Msikilizaji wa Ujiji, aliyelelewa katika kanuni ya kofia na viatu, hahitaji kuambiwa maana ya orodha inayoanza na kofia na kumalizika bila viatu.

7.0 Buti, gwanda na vazi lisilorudi nyumbani

Vita Kuu ya Pili ilibadilisha orodha hiyo. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw hadi Kalewa na mto Chindwin, walivaa nguo za kijani za msituni, kofia za ukingo mpana na buti. Tarbushi ikaondoka, buti likaja. Kwa mara ya kwanza tangu Wajerumani, mguu wa askari Mwafrika wa Tanganyika ulifunikwa kwa utaratibu wa kijeshi, na magazeti ya Kiswahili ya askari, kama vile Askari na Heshima, yalimfuata hadi Asia. Jina la gazeti la pili ni la kuzingatiwa: dola iliyokuwa imechelewa kutoa viatu ilijua vizuri neno ambalo askari walilitafuta.

Mohamed Said, katika Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes (2002), anasimulia ukoo mmoja uliobeba mfuatano huu wote. Kleist Sykes alikuwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanawe Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa Burma na Batalioni ya 6 ya Keya. Kitabu hicho ni cha historia ya siasa, na kinaonesha jinsi fikra za kudai uhuru zilivyopita pia katika kambi za askari. Haitoshi kusema kwamba askari hao walifumbuliwa macho na safari za ng'ambo. Walikuwa pia watu wa utamaduni uliojua kupima kwa kofia na viatu mtu amepewa utu kiasi gani. Madai ya usawa yaliyofuata hayakuhitaji kufundishwa kutoka nje. Kipimo kilikuwa tayari nyumbani.

Baada ya maasi ya Januari 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa mnamo Septemba mwaka huo. Lugha ya mavazi yake imezaa maneno mapya. Gwanda, ambalo hapo zamani lilikuwa jina la kanzu fupi, likawa jina la vazi la kijeshi, kisha likahamia hata katika mavazi ya wanasiasa. Kombati na mabakamabaka yakaingia katika usemi wa kawaida. Buti si swali tena. Kila askari analo. Neno sare hatimaye limefika chini.

Hata hivyo, usawa huo umekuja na sharti ambalo lina maana kubwa kwa fasihi. Sare ni mali ya dola. Raia hawaruhusiwi kuivaa, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na yake kuyasalimisha. Sharti hilo lina sababu zake za kiusalama, wala makala haya hayalipingi. Lakini linaeleza kwa nini kumbukumbu ya mavazi ya jeshi huwa kumbukumbu ya maneno. Mvuvi mstaafu anaweza kumwonesha mjukuu wavu wake. Askari mstaafu hana vazi la kuonesha. Kilichobaki naye ni orodha, na mwili uliokaa ndani ya vazi hilo. Ben R. Mtobwa, mwandishi mzaliwa wa Kigoma, alilitambua hilo katika Zawadi ya Ushindi, riwaya ya Vita vya Kagera inayomfuata kijana anayerudi kutoka vitani na mwili uliojeruhiwa. Mwili huo ndio sare ambayo hairudishwi stoo.

Inaweza kupingwa kwamba wazee husimulia viatu kwa sababu ya umaskini wa uzeeni, yaani kwamba malalamiko ya leo hupakwa juu ya matukio ya zamani. Pingamizi hili lina ukweli wa kiasi, kwani kumbukumbu yoyote husimuliwa kutoka katika hali ya sasa. Lakini halielezi kwa nini hali ya sasa ichague kiatu, na si bunduki au bendera, kuwa chombo chake. Kiatu kimechaguliwa kwa kuwa Kiswahili kilikwisha kukipa kazi hiyo tangu zama za kaniki na merikani.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umependekeza kwamba kumbukumbu za askari kuhusu mavazi zisomwe kama habari za safari zinazoongozwa na kanuni ya uungwana. Mapendekezo mawili ya kiutendaji yanafuata. Kwanza, wanaokusanya masimulizi katika Ujiji, Kigoma na vijiji vya mwambao, kutoka kwa askari wa Kagera walio hai na kutoka kwa watoto na wajukuu wa askari wa Keya, wasianze na swali la mapigano. Waulize mtu alipewa nini siku ya kwanza, kwa mpangilio upi, na alirudisha nini siku ya mwisho. Waiandike orodha kama ilivyotamkwa, bila kuipanga upya, kwa kuwa mpangilio ndio maana. Pili, ufundishaji wa fasihi ya vita katika vyuo vyetu usiwaachie tenzi peke yake kazi ya kumwakilisha askari. Nathari ya safari, majina ya kupanga na msamiati wa mavazi viwekwe katika silabasi pamoja nazo.

Goetzen iliinuliwa kutoka majini mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ujiji una kumbukumbu ya Livingstone inayotembelewa na wageni. Chombo na mgeni vimehifadhiwa. Askari waliosimama kwenye gati la Kigoma, wenye buti na wasio na buti, hawana jumba lao. Wana maneno tu, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka. Kazi ya kuyahifadhi ni ya wataalamu wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.